Aliyeitwa Mara Tatu

Lilian: Haloo? Nani mwenzangu?

Elina: (upepo unavuma) ...loo? Haloo?

Lilian: Nakusikia. Kama ni sare za mtoto, sijamaliza. Nimeshasema kesho kutwa, na kesho kutwa haijafika.

Elina: Siyo sare. Habari za hapo Uyole?

Lilian: Nzuri. Nani?

Elina: Ugonile, wifi.

Lilian: (cherehani inanyamaza) ...

Elina: Wifi Lilian? Upo?

Lilian: Hii namba ya nani?

Elina: Ya mama mmoja hapa Tukuyu, anaitwa Mwanaharusi, anauza vitumbua pembeni ya uwanja. Kaniazima. Ile yangu uliifungia.

Lilian: Sijafungia mtu.

Elina: Miaka sita kila nikipiga inakata.

Lilian: Mtandao.

Elina: Haya. Mtandao.

Lilian: Sema shida yako, Elina, nina mashati kumi na manne hayana kola hapa.

Elina: Anaendeleaje?

Lilian: Nani?

Elina: Unamjua ninayemuuliza.

Lilian: Ana jina.

Elina: Kwako ana jina. Kwangu hana, unajua hivyo. Anaendeleaje mzee?

Lilian: Yupo.

Elina: Yupo vipi?

Lilian: Yupo tu. Gerezani mtu anakuwaje? Amebakiza miaka sita kati ya kumi na miwili, kwa kuchoma ghala ambalo hakulichoma. Ndivyo anavyoendelea. Umefurahi?

Elina: Wifi, usi—

Lilian: Kaanza lini kukuuma? Siku ya kesi hukuonekana. Shahidi mmoja tu alikuwa naye duniani, mke wa mwanawe wa kumzaa, na shahidi mwenyewe hakutokea. Leo unaniuliza anaendeleaje!

Elina: Nisikilize. Simu ya watu hii, na chaji ni asilimia tisa. Nipo kwenye Wiki ya Sheria.

Lilian: Kwenye nini?

Elina: Wiki ya Sheria. Watu wa mahakama wameweka mahema hapa uwanjani tangu juzi, wanafundisha watu. Mirathi, ardhi, dhamana, rufaa. Wamekuja mpaka na spika. Mimi nilikuja kuuza magimbi, naapa sikujua kama wapo. Nikasikia spika inasema, mahakama siyo mganga, haipigi ramli, usipoiambia haijui. Nikasimama hapo hapo na ndoo kichwani.

Lilian: Mahubiri.

Elina: Siyo mahubiri. Ni hakimu anasema hivyo, binti mdogo tu, amevaa ndala na joho kaliacha kwenye kiti. Halafu wakafanya igizo. Kesi ya mtu kaiba mkungu wa ndizi. Karani mmoja ndiye mshtakiwa, amevaa koti kubwa, watu wanacheka. Na anayeita mashahidi... Unamkumbuka Jacob?

Lilian: Jacob yupi?

Elina: Yule wa mahakamani. Mwenye sauti. Yule aliyekuwa anatoka nje ya mlango kuita majina.

Lilian: Namkumbuka.

Elina: Ameshaota mvi. Sauti ni ile ile.

Lilian: Endelea.

Elina: Kwenye igizo shahidi aliitwa Elina. Walichagua jina tu, wifi, hakuna aliyenijua. Jacob akatoka nje ya hema, akaweka mkono mdomoni hivi, akaita. Elina! Watu kimya. Elina! Mimi ndoo inacheza kichwani. Akaita ya tatu, nikajibu.

Lilian: Ukajibu?

Elina: Nipo! Kwa sauti yangu yote. Nipo hapa! Magimbi yakamwagika.

Lilian: Mungu wangu.

Elina: Uwanja mzima ukacheka. Binti mmoja wa mahakamani ndiye alikuwa aigize, amebaki kasimama mdomo wazi. Hakimu naye akadhani nimejitolea, akasema haya, mama karibu, mpigieni makofi. Wakanipandisha kwenye kile kizimba cha mbao laini. Wakaniuliza, shahidi, siku ya tukio ulimwona mshtakiwa wapi? Nikasema, sikumwona. Nilimpa mgongo, naye akanipa mgongo.

Lilian: Elina—

Elina: Wakacheka tena. Nikaendelea, wifi, mdomo haukusimama. Nikawaambia nilikuwa nimechutama kwenye migomba, nina furushi la majani ya ng'ombe, nikasikia kikohozi chake njiani. Unajua alivyokuwa anakohoa kunionya. Khu, khu, mara mbili, nijue anapita nijifiche. Mahali penyewe ni pale kwenye ukingo wa kijito, pa kukimbilia hapakuwepo. Nikageuka. Naye akageuka. Tukakaa hivyo, yeye anaangalia mlimani, mimi naangalia majini, tunasubiriana nani aondoke. Ndipo tukasikia watu wanapiga yowe, ghala la Erasto linawaka. Moshi tuliuona wote wawili, tumepeana migongo. Sasa mtu huyo atachoma ghala saa ngapi?

Lilian: Ulisema hayo yote mbele ya watu?

Elina: Walikuwa wameshaacha kucheka. Jacob alikuwa ananiangalia. Akanyanyuka akamnong'oneza hakimu, na hakimu akashuka, akanishika mkono akanipeleka nyuma ya hema. Akaniuliza, mama, hiyo siyo ya ndizi, sivyo?

Lilian: (mtandao unakwaruza) ...nasikia nusu nusu...

Elina: Nasema akaniuliza—

Lilian: Nimesikia. Ukamwambiaje?

Elina: Nilimwambia kweli yote. Kwamba kwetu mke wa mtoto hamtazami mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, hamtaji. Na kwamba siku ya kesi kizimba kilikuwa mlangoni kabisa, na mzee amesimama ndani yake. Hakimu akasema, kwa nini hukusema? Ungemwambia karani yeyote pale nje. Wangekutafutia njia. Wangetundika hata shuka katikati, wangekupitisha mlango wa nyuma. Wifi, shuka! Mimi nina mashuka matatu nyumbani. Mume wa mtu anaoza gerezani kwa sababu ya shuka.

Lilian: Usilie kwenye simu ya watu.

Elina: Silii. Ni upepo.

Lilian: Kwa hiyo umenipigia kuniambia hukuja mahakamani kwa sababu ya mila. Sawa. Nimesikia. Nitamwambia mumeo, Lugano.

Elina: Lilian.

Lilian: Nini?

Elina: Mimi nilikuja. Unajua kwamba nilikuja.

Lilian: Mtandao unakata—

Elina: Mtandao haukati. Nilikuwa nimechutama ukutani, chini ya dirisha, hatua tano kutoka mlangoni. Wewe ulitoka kununua maji. Uliniona. Ulikuwa umevaa kitenge cha njano. Unakumbuka ulichoniambia?

Lilian: Sikumbuki.

Elina: Unakumbuka.

Lilian: Elina, miaka sita imepita, mtu atakumbuka kila—

Elina: Ulisema, "Baba yuko mlangoni pale, wifi, utapita wapi? Utamkanyaga? Kijijini Masukulu utarudi na sura gani?" Ukacheka. Ukaingia ndani na chupa yako ya maji.

Lilian: (mkasi unawekwa mezani) ...

Elina: Upo?

Lilian: Ulikuwa utani.

Elina: Najua.

Lilian: Sisi ni mawifi. Mawifi tunataniana. Siku ya harusi yako nilikuita kibuyu na hukununa. Nilidhani utacheka, unyanyuke, uingie. Kwa jina la Yesu nilidhani utaingia.

Elina: Najua ulikuwa utani, wifi. Miguu yangu ndiyo haikujua. Jacob akatoka akaniita. Mara ya kwanza nikajiinua. Ya pili nikaona kiwiko cha mzee pale mlangoni, shati limechanika kiwikoni. Nikakaa chini. Ya tatu nikaziba masikio.

Lilian: Basi.

Elina: Hajaacha kuniita mpaka leo. Nikichota maji naitwa. Nikipalilia naitwa. Krismasi kanisani walisoma majina ya wabatizwa, nikajikuta nimesimama peke yangu, mtoto wangu ananivuta sketi. Na Lugano yuko nyumba moja na mimi, anakula, ananawa mikono, anatoka. Hajaniuliza hata siku moja. Kwa sababu uliwaambia sikuonekana.

Lilian: Waliponiuliza mlangoni nilisema sijamwona. Nikashindwa kulirudisha. Neno likishatoka unalirudisha vipi? Kila siku nikasema nitamwambia Lugano kesho. Halafu hukumu ikatoka. Baada ya hukumu ningesema nini? Ndiyo, niliifungia namba yako! Jina lako lilikuwa likitokea kwenye simu naisukuma chini ya vitambaa. Umeridhika?

Elina: Sikupiga kukulaumu.

Lilian: Nilaumu tu. Ingekuwa nafuu.

Elina: Nimepiga kwa sababu ya fomu.

Lilian: Fomu gani tena?

Elina: Kuna meza hapa ya msaada wa kisheria. Hakimu kasema yeye hawezi kuigusa kesi hiyo, lakini akanipeleka kwenye meza. Wameniambia siku za rufaa zilishapita siku nyingi, ila mtu anaweza kuomba Mahakama Kuu imwongezee muda, akiwa na sababu ya msingi. Halafu aombe shahidi asikilizwe. Hawajaniahidi kitu. Wamesema inaweza kukataliwa. Lakini mlango upo, na sisi hatukuwahi hata kuugonga. Kwa nini hakukata rufaa, wifi? Nimejiuliza sana.

Lilian: Alikataa.

Elina: Kwa nini?

Lilian: Wakili wa bure alikuja gerezani mwaka ule wa kwanza. Akamwambia tutamwomba yule shahidi aitwe upya. Baba akasema hapana. Akasema, "Mke wa mwanangu siyo mbuzi, aitweitwe nje ya milango." Akarudisha karatasi. Ndiyo hivyo.

Elina: Basi maombi yatoke kwangu. Mwambie nimejiita mwenyewe. Wameanza kuandika, wifi, na hema wanavunja sasa hivi. Wanaondoka na mvua inakuja. Fomu nimekwama mstari wa kwanza.

Lilian: Umekwama na nini?

Elina: Jina la mfungwa. Karani kaniuliza mara ya kwanza, nimenyamaza. Ya pili nimenyamaza. Akanipa kalamu niandike mwenyewe, nikamrudishia. Miaka kumi na tano sijalitamka. Hata mtoto wa jirani mwenye jina hilo namwita kaka mkubwa. Nikaona yamenirudia yale yale, mtu anasubiri neno langu na mimi nimekaa chini ya dirisha. Ndiyo maana nikaomba simu. Wewe ni mwanawe, mtajie karani, dakika moja tu.

Lilian: Mpe simu.

Elina: Ngoja, anamalizia na bibi wa Lupepo mwenye kesi ya mpaka. (pembeni) Mama Mwanaharusi, bado kidogo, nisamehe. Ndiyo. Asilimia nne.

Lilian: Elina.

Elina: Ee?

Lilian: Kuna kitu sijakuambia wewe wala Lugano. Nakala ya hukumu ninayo, nimeiweka kwenye droo ya cherehani. Kuna mahali hakimu kaandika kwamba shahidi alipoitwa, mshtakiwa alisimama amefumba macho, kana kwamba shauri halimhusu. Hiyo sentensi iliniuma kuliko ile miaka kumi na miwili. Nikamuuliza baba, kwa nini ulifumba macho? Watu wamedhani una hatia, wamedhani una kiburi.

Elina: Akasemaje?

Lilian: Akasema, "Nilimwona akipita pale dirishani, nilijua kafika. Nikafumba ili apite." Alisubiri. Alisema alisikia unaitwa mara tatu, akazidi kukaza macho ili usiwe na wasiwasi. Alipoyafumbua, Jacob ameshafunga mlango.

Elina: (analia) ...

Lilian: Njia alikutengenezea, wifi. Ni mimi niliyesimama katikati.

Elina: Tulisimama wote.

Lilian: Mpe karani simu nimtajie. Chaji itakata.

Elina: Hapana.

Lilian: Hapana nini?

Elina: Usimtajie wewe.

Lilian: Elina, acha mambo, hema linavunjwa—

Elina: Alifumba macho mbele ya watu wote, wakamwandika ana hatia. Mimi nishindwe kufumbua mdomo? (pembeni) Kaka! Kaka karani, usifunge faili. Andika. Nasema andika. Mfungwa anaitwa Ambi... (mtandao unakwaruza) ...

Lilian: Sema, wifi.

Elina: (pembeni) Sijalia, andika tu. Ambilikile. Ambilikile Mwakatobe, wa Masukulu! Ni mkwe wangu. Ndiyo. Na shahidi ni mimi.

Lilian: Ee Mungu.

Elina: Nimelisema.

Lilian: Nimesikia.

Elina: Hakuna kilichoanguka.

Lilian: Hakuna, wifi. Bado nakusikia.

Elina: Anagonga muhuri wa meza. Anasema hii lazima ifike kwa mkuu wa gereza, na mzee mwenyewe aweke dole gumba, akikubali. Wewe unakwenda kumtembelea lini?

Lilian: Jumamosi.

Elina: Basi Jumamosi tutakwenda wote. Nitakaa nje ya geti, sitaingia mpaka aseme. Na Lugano?

Lilian: Lugano niachie mimi. Leo nampigia. Namwambia kitenge cha njano, chupa ya maji, kila kitu.

Elina: Atakuchukia.

Lilian: Ni zamu yangu.

Elina: Ndaga, wifi. Ndaga fijo.

Lilian: Usinishukuru, utaniua.

Elina: Asilimia moja. Wifi, haraka, mwambie mzee hivi. Siku wakikubali kunisikiliza, asihangaike kufumba macho, wataweka shuka. Yeye akohoe tu. Mara mbili, kama siku ile kijitoni. Nikisikia kikohozi chake nitajua yupo wapi, nitapita. Utamwambia? Lilian? Utamwambia akohoe?

Lilian: Hahitaji kuambiwa.

Elina: Unasemaje?

Lilian: Uliniuliza anaendeleaje, nikakudanganya. Anakohoa, wifi. Siku hizi ni kukohoa tu. Jumamosi iliyopita tulikaa robo saa hakuweza kumaliza hata salamu. Askari mwenyewe alimletea kiti. Jumamosi ni mbali. Usisubiri Jumamosi, umesikia? Chukua hiyo karatasi, panda gari sasa hivi uje nayo Uyole, kesho asubuhi tuwe getini. Unanisikia? Nitakusubiri stendi.

Lilian: Haloo?

Lilian: Elina?

Lilian: (simu ya Tukuyu imezimika) Elina.

Lilian: Elina!